Umoja Upepo, Wingi Pepo

Jirani yangu wa kitanda hapa bwenini amepanda kitunguu katika kopo la mafuta ya kupikia na kuliweka dirishani. Mwalimu wa zamu akipita huona uchafu, hajui kuwa ni kilimo. Juzi jirani huyo akalimwagilia maji, na harufu ikanifikia pale nilipokuwa nimejilaza na kitabu usoni nikijifanya nasoma: udongo mbichi uliochanganyika na kutu, kutu ile ya bati lililokaa juani mpaka likasahau kazi yake ya kwanza. Nikainuka, nikamwambia, "Msee, hilo kopo ni jembamba na hapo dirishani pana upepo. Kabla ya Ijumaa litakuwa chini." Akaniuliza nimejulia wapi mambo ya makopo. Nikacheka peke yangu, maana jibu lake halisemeki kwa dakika mbili.

Kopo lilianguka Alhamisi. Sijisifu, natoa taarifa tu.

Jibu lenyewe linaanzia nilipokuwa darasa la tatu, wakati nilipokuwa na cheo. Katika jengo letu la Busia, upande wa Kenya, ghorofa ya tatu, mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wa bibi yangu. Jaja, ndivyo tulivyomwita, alikuwa ametoka kijijini upande wa Tororo, karibu na vile vilima vya Osukuru. Dhopadhola chake, lugha ya kwao, kilikuwa kikali kiasi kwamba kilikukata na usihisi mpaka umefika nyumbani. Kiswahili alikuwa nacho cha sokoni, cha kutosha kununua chumvi na kumkatalia mtu. Mama alivuka mpaka kila asubuhi kwenda kuuza viatu vya mitumba upande wa Uganda, akarudi jioni. Baba alifanya kazi Nakuru. Kwa hiyo kuanzia nilipotoka shule mpaka jua linapopoa, serikali ya nyumba ile ilikuwa Jaja, na mimi ndiye niliyekuwa wizara yake ya mambo ya nje.

Aliletwa kwetu kwa sababu alianguka. Aliteleza nyuma ya jiko lake, akateguka kiuno, akalala pale chini tangu asubuhi mpaka watoto wa mbuzi, namaanisha watoto wanaochunga mbuzi, walipopita wakamsikia. Mama akaapa kwamba hatakaa peke yake tena. Jaja akakubali kama mtu anavyokubali sindano. Kiuno kilipona, lakini nyumba ilimshinda. Sakafu ya vigae, kiti cha sponji, dirisha linalotazama foleni ya malori yanayosubiri kuvuka. Alikaa kwenye kile kiti siku baada ya siku, mikono juu ya magoti, viganja vikitazama juu, kana kwamba kuna mtu alikuwa ameahidi kumpa kitu na amechelewa.

"Nimekuwa gunia," alimwambia Mama siku moja, nami nikiwa chini ya meza na kazi zangu. "Mnaniweka hapa, mkifagia mnanisogeza pale. Sikiliza. Mvua za kupanda zikinikuta bado nimekaa kwenye hiki kiti, narudi kwangu. Nikianguka, nitakuwa nimeangukia udongo wangu."

Mama alikwenda jikoni kukata vitunguu, akakata vingi kuliko idadi yetu, macho yakimtiririka. Mimi nikadhani ni vitunguu. Nilikuwa mtoto mwenye akili sana, lakini si katika kila somo.

Jambo moja tu nililielewa vizuri. Kabla ya Jaja kuja, mimi nilivaa ufunguo shingoni kama mbuzi aliyefungwa kengele, nikajifungulia mlango, nikala chakula baridi na kungoja. Alipokuja Jaja, mlango ulikuwa wazi nikifika. Sikuwa tayari kurudi kwenye ule ufunguo. Kwa hiyo mvua za kupanda zikawa adui yangu. Kila nilipoona wingu nililikazia macho mpaka likaondoka, na kwa kuwa kilikuwa kiangazi, nilifanikiwa mara nyingi.

Wazo la Jaja kulima juu ya paa lilikuwa langu, na nitalidai mpaka kaburini. Paa la jengo letu lilikuwa bapa, la saruji, lenye matangi mawili ya maji na kamba za kuanikia nguo. Mama akamwomba Barasa, keateka, yaani mwangalizi wa jengo, mwanamume mrefu aliyetembea na funguo nyingi kiunoni na kuchukia maneno kuliko alivyochukia wezi. Barasa akaja kumwona Jaja mwenyewe.

"Kukhu," akamwambia, kwani huko kwao ndivyo bibi anavyoitwa, "kona ile karibu na tangi nakupatia. Lakini hii nyumba iko na watu wengi. Mtu mmoja tu akilalamika, hata mmoja, kila kitu kinashuka. Mimi sitaki maneno."

Jaja akasema, "Asante, mwanangu. Maneno hakuna."

Maneno yakaja. Niliyaleta mimi.

Mwanzoni Jaja alipanda kama mtu aliyehamisha shamba zima. Akaagiza miche kutoka kijijini, ya nyanya, ya mahindi, na yale maua mekundu marefu ambayo kwake yalimfika kifuani. Mahindi akayatia kwenye madebe, nyanya kwenye makopo marefu ya rangi, maua kwenye ndoo zilizopasuka. Viganja vyake vikaanza kutazama chini tena. Asubuhi paa lilikuwa tulivu kama kanisa siku ya Jumatatu, na sisi tukashuka tukijiona matajiri.

Saa tisa upepo ukafika. Ulitoka upande wa ziwani, ukapita juu ya mabati ya soko bila kizuizi, ukaingia kati ya yale matangi mawili ukipiga mluzi kama kondakta. Mahindi yalilala siku ile ile. Maua yalikatika shingo moja moja, siku nne, shingo nne. Nyanya zilikuwa ndefu juu ya makopo membamba, basi kila alasiri zilipinduka na makopo yake, udongo ukamwagika, mizizi ikabaki juani. Kopo moja liliruka ukingo kabisa. Tukachungulia, na chini tukaona limetua juu ya turubai la lori lililokuwa likisogea kwenye foleni. Hivyo kuna nyanya moja ya Jaja iliyovuka kurudi Uganda bila kuulizwa kitambulisho. Mimi nilicheka. Jaja hakucheka. Alihesabu madebe yaliyobaki na kutazama mbinguni, nami nikajua anatafuta mvua.

Wiki ile ile mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa akitufundisha umoja na wingi. Ufunguo, funguo. Ukuta, kuta. Upepo, pepo. Zoezi lile nilipata yote na kuandikiwa "Hongera" kwa wino mwekundu. Nikatembea na ile hongera kama askari na nishani, nikitafuta mahali pa kuitumia.

Sikutafuta sana. Jumatano Mama Brayo alipanda na beseni lake la nguo. Huyu alikuwa jirani wa mlango wa pili, mama mnene mwenye moyo mzuri na masikio mazuri zaidi. Akayaona mahindi yamelala, akasimama.

"Muulize shosho yako," akaniambia, "hii mimea yake inakufa na nini?"

Nikamuuliza. Jaja, mwenye hasira na furaha ya kupata msikilizaji, akaeleza kirefu kwa Dhopadhola kwamba ni yamo, yaani upepo. Akaeleza unavyokuja kutoka ziwani, tena si mmoja, unapiga kutoka pande tatu. Asubuhi umelala, saa tisa unaamka. Jana umeingia mpaka chumbani kwake ukatikisa pazia. Mkulima mzuri huzungumza hata na upepo, na yeye huuambia kila siku uache nyanya zake.

Sasa, upepo unaopiga kutoka pande tatu si mmoja. Ni mitatu. Yaani ni tatu. Yaani ni wingi. Nikajisafisha koo.

"Anasema ni pepo," nikamwambia Mama Brayo. "Ziko nyingi. Zinatoka ziwani."

Mama Brayo akaliweka beseni chini.

"Asubuhi zinalala. Saa tisa zinaamka. Jana moja iliingia kwa chumba yake."

"Woi. Na yeye akafanya nini?"

"Huwa anaongea nazo."

"Anaziambia nini?"

"Anaziambia ziache nyanya zake," nikasema, na kwa kuwa Jaja alikuwa amepunga mkono alipokuwa akieleza, nami nikapunga wangu vilevile, kuelekea kwenye kamba za nguo, "ziende huko."

Wanaojua Kiswahili cha vitabuni watasema nilikuwa salama. Pepo wa kukemewa ni viumbe, wanatoka, wanaingia, wabaya. Pepo za kupeperusha nguo zinatoka, zinaingia. Ngeli ingetuokoa. Lakini Busia ngeli hazifanyi kazi alasiri. Kwetu mbwa inabweka, mwalimu inakuja, na shetani, akija, atakuja na "i" kama kila mtu. Mama Brayo alichukua beseni lake na kushuka bila kuanika hata leso.

Kuanzia hapo mambo yakawa mazuri mno, kwa macho yangu. Kamba za nguo zilibaki tupu. Nikadhani majirani wameamua kutuachia jua. Watoto wa jengo, ambao zamani walikuja kukanyaga miche, hawakuja tena, wakawa hata kwenye ngazi wananipisha. Nikadhani ni heshima ya mkulima. Mama Brayo akanipa chupa ya maji, akaniambia yameombewa, nikamnyunyizie shosho mlangoni. Nikaona ni mama mkarimu, maana maji siku hizo yalikuwa yanatoka kwa zamu. Nikamwagia nyanya iliyobaki.

Jumamosi akaja Pasta. Chini ya jengo palikuwa na duka lisilo na mpangaji, na watu wachache walisali humo. Pasta alikuwa kijana mpole mwenye koti kubwa kumzidi. Alipanda na Mama Brayo na akina mama wengine watatu, tena saa tisa kasorobo, ili wawahi ile saa niliyowapa. Jaja alikuwa anafunga shina la mhindi uliolala kwenye kijiti. Akaona wageni, akafurahi, akadhani wamekuja kubariki bustani. Mimi nikadhani wamekuja kuukemea upepo, jambo ambalo liliwahi kufanyika hata katika Biblia, nikajipanga nao mbele.

Pasta akafumba macho, akainua mkono. Akaomba kwa adabu, akaomba kwa nguvu, kisha akasema, "Pepo mliojificha mahali hapa, jitokezeni."

Zikajitokeza. Saa tisa zilikuwa zimetimia. Mluzi ukapita kati ya matangi, debe likapinduka, koti la Pasta likajaa kama mfuko wa nailoni, na kitambaa cha mama mmoja kikaondoka kichwani na hakijaonekana mpaka leo. Akina mama wakapiga kelele. Nami, mkalimani, nikapaza sauti kwa furaha, "Ndizo hizo, ndizo hizo." Mama Brayo alishuka ngazi zile kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona tena kwa mtu wa umbo lile. Jaja yeye akaona watu wamesimama bure na kazi ipo. "Wewe, shika hii," akamwambia Pasta, akimkabidhi mhindi. "Na wewe, mama, kalia hii ndoo." Mama yule akaikalia. Hofu ina utii wake.

Jioni Barasa akagonga mlango, Mama Brayo nyuma yake. Mama alikuwa ndiyo kwanza amevua viatu.

"Mtu amelalamika," Barasa akasema. "Tuliongea, Mama. Kesho kila kitu kinashuka. Na kuna watu wanauliza kama Kukhu mwenyewe atabaki."

"Atabaki kwa nini asibaki?" Mama akauliza.

"Kwa sababu ya hizo pepo zake," Mama Brayo akasema. "Usione vibaya, Mama. Mimi niko na watoto."

Mama akageuka polepole mpaka macho yake yakanifikia. Mama zetu wanajua. "Wewe," akasema, "ulisema nini?"

Nikasimama wima, mikono ubavuni, kama darasani. "Umoja upepo, wingi pepo."

Mama akamweleza Jaja kwa Dhopadhola, na kwetu maneno yale mawili hayafanani hata kwa jina la ukoo, kwa hiyo Jaja alielewa mara moja. Akacheka mpaka akashika kiuno chake kibovu. Barasa akajikuna shingo. Nikadhani yamekwisha.

Mama Brayo hakucheka. "Sawa, mtoto alikosea," akasema polepole. "Lakini kama ni upepo tu, mbona inachagua? Nguo zetu zilikuwa zinakaa hapo miaka yote. Mbona inaua vitu vya huyu mama peke yake? Na mbona ilikuja vile Pasta aliita?"

Kwa swali la mwisho kusema kweli hata mimi sina jibu. Barasa akawatazama wote, akaona kila upande kuna maneno, akachagua maneno machache.

"Mambo ya umoja na wingi mimi sijui. Wiki tatu. Kukhu apande tena. Vitu vikikaa, ni upepo. Vikikufa, vinashuka, na asiniulize mtu tena."

Mama alitaka kubisha. Nikafungua mdomo nitafsiri, Jaja akaniwekea kiganja usoni, chote.

"Wewe kaa," akasema kwa Kiswahili chake, akiwatazama wao. "Mimi nasema mwenyewe. Hii mtoto Kiswahili yake ni mingi, inamwagika. Wiki tatu, nakubali. Mahindi ilikuwa ujinga yangu."

Hivyo ndivyo nilivyofukuzwa kazi. Na wiki tatu, kila mtu alijua, zilikuwa ndizo zilizobaki kabla ya mvua.

Jumamosi iliyofuata Mama hakwenda sokoni. Tukavuka, tukaelekea Osukuru. Njiani palikuwa na mwanamke anayeuza miche, mizuri, mirefu, majani laini yanayong'aa. Nikamvuta Jaja mkono. Akaitazama ile miche kwa huruma. "Hawa wamelelewa chini ya kivuli," akasema. "Ukiwapeleka juu ya nyumba watalia." Akatupitisha mpaka kwenye mteremko wa mawe, mahali ambapo upepo ulipiga mpaka macho yakatoa machozi, akasimama pale akijishika kwenye bega la Mama.

"Angalieni nani amebaki," akatuambia. "Mimi nilikuwa nachagua ninaowapenda. Sasa nachagua wanaopapenda hapa."

Nikaangalia. Kwa macho yangu hapakuwa na kitu, mawe na takataka za kijani. Yeye akaanza kuinama. Kwanza shubiri, mnene, mwenye ngozi ya mamba, aliyekaa chini kama mtu anayekataa kuondoka kwenye foleni. Kisha kijani fulani kinachotambaa, majani madogo mazito kama punje, ambacho hakuna aliyekuwa na jina lake la Kiswahili, nami sikuthubutu kubuni. Kwa mama mmoja mwenye ua wa rozimari akaomba matawi, akayasugua, akatunusisha. "Jani jembamba, gumu. Upepo haupati pa kushika." Kwa mwingine akachukua mchaichai, kwa sababu huinama mpaka chini na kuinuka bila kinyongo. Nyuma ya jikoni kwake mwenyewe akang'oa miche ya pilipili zile ndogo kali, lakini si iliyokuwa mizuri. Alikuwa anapiga kila mche kofi, namaanisha kofi kabisa, kisha anatazama. Uliotikisika shina akauacha. Uliotikisika majani tu akauchukua. Mwisho akakata mashina ya viazi vitamu. "Hawa watalala juu ya udongo, wataufunika usikauke. Upepo unakunywa maji kuliko jua, mlikuwa hamjui."

Mama akamwuliza kama anamchagulia binti mume. Jaja akasema laiti angemchagulia Mama hivyo, akampata mfupi. Baba yangu ni mrefu sana. Nikaikumbuka ile mpaka Baba alipokuja mwisho wa mwezi, nikamwambia.

Makopo marefu yote tuliyatupa. Kwa fundi wa matairi ya malori tulipewa matairi yaliyokwisha, akatukatia kati, yakawa mabeseni mapana, mazito, ambayo hata Barasa alibeba moja tu kwa mikono miwili na kulalamika. Tukapata na sufuria zisizo na mikono, kubwa za harusini. Chini tukatoboa, tukatia mawe, juu udongo. Tukavikusanya vyombo karibu karibu, mabega yakigusana, vile vigumu mbele na pilipili katikati. Mimi nikashauri tusimamishe bati upande wa ziwani, upepo usiingie kabisa. Jaja angeweza kuniambia hapana. Akaniacha nisimamishe. Saa tisa upepo ukapanda juu ya lile bati, ukaanguka upande wa pili kwa hasira mara mbili, ukachimba udongo wa tairi la kwanza. Nikaliondoa mwenyewe. Ndipo akatundika magunia ya vitunguu, yale ya neti, yaliyofungwa kwenye nguzo za kamba. Upepo ukapita ndani ya neti, ukatoka umechoka.

Siku zikaenda. Sikuwahi kutembelea kitu mara nyingi vile. Mchaichai ukalala na kuamka, viazi vikatambaa, shubiri hakufanya lolote na hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake. Mawingu nayo yakaanza kukusanyika, na haya hayakuondoka nilipoyakazia macho.

Siku moja kabla ya ukaguzi nikapanda kutoka shule, nikakuta pilipili moja imekufa. Majani yote yamening'inia, manjano. Jaja alikuwa amelala kidogo. Nikajua tutakavyoulizwa: mmoja akifa, wamekufa. Nikaung'oa ule mche, nikauficha chini ya tairi, nikashuka mpaka nyuma ya jengo, nikavunja tawi la kijani la kichaka nisichokijua, nikalichomeka pale kwenye sufuria. Likapendeza kuliko wenzake. Nikalala nikijiona nimeokoa taifa.

Ukaguzi ulikuwa asubuhi. Barasa na funguo zake, Mama Brayo na mikono yake kifuani, Mama, mimi. Jaja aliwapitisha kila tairi kama mkuu wa shule. Barasa alitikisa kichwa kwa kuridhika. Walikuwa wamefika mwisho. Hapo Jaja akasimama mbele ya ile sufuria, akainama, akalivuta tawi langu kwa vidole viwili. Likatoka bila mzizi.

"Hii si yangu," akasema. "Yangu imekufa jana. Hii mtoto amedanganya. Iko wapi?"

Nikataka paa lipasuke. Mama alifumba macho. Nikauchomoa ule mche chini ya tairi na kumpa, nikijua ni mimi niliyekuwa nimeleta pepo mara ya kwanza, na sasa ni mimi tena niliyemfungia bibi yangu mizigo.

Mama Brayo akausogelea ule mche uliokufa. "Na hii," akauliza, sauti yake ya chini, "imekufa na nini?"

Barasa akatazama ngazi.

"Mimi," Jaja akasema. "Mimi nimeua. Hii sufuria tulisahau kutoboa. Nilimwagia maji mingi, ikakaa. Angalia." Akaupindua mche, akauvunja mzizi kwa ukucha. Ulikuwa mweusi, laini kama ndizi iliyooza. Akamsogezea puani. "Upepo inavunja. Upepo inakausha. Haiozeshi. Nusa, mama."

Mama Brayo hakutaka. Kisha akanusa. Alikuwa amezaliwa shambani kama sisi wote, ingawa hakupenda kusema, na uso wake ukabadilika kabla hajasema kitu, kwa sababu pua yake ilikuwa imekwisha kujua.

"Hii ni maji," akasema.

"Ni maji."

"Mamangu aliua za kwake hivi hivi."

Matairi yote yale yaliyo hai hayakuwa yamemshawishi. Alishawishiwa na kile kimoja kilichokufa kwa sababu inayojulikana. Akamrudishia Jaja ule mzizi, akajifuta mikono kwenye leso, akamwambia Barasa bila kumtazama, "Mimi sina neno." Barasa akashuka upesi kabla lisije jingine.

Mama Brayo hakushuka. Alizunguka mchaichai mara mbili. "Hii nikiweka kwa dirisha yangu, itakaa?"

"Dirisha yako inaangalia wapi?"

"Barabara."

"Huko upepo ni kidogo. Tafuta sufuria mzito. Na toboa."

Kiswahili cha mmoja kilikuwa kinachechemea kutoka Tororo na cha mwingine kilikuwa kimejaa mitaa ya Busia, na walikuwa wanaelewana. Nikaona neno moja linalohitaji kusahihishwa. Nikavuta pumzi. Wote wawili wakanitazama. Nikaitoa ile pumzi bila kuweka kitu ndani yake.

Mvua ilianza kesho yake, Jumapili mchana, matone makubwa juu ya matairi. Jaja alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akivaa viatu vyake vya kutokea, nami nikasimama mlangoni nikizuia njia kwa mwili wangu wote wa kilo ishirini. Hakwenda popote. Aliomba simu ya Mama, akampigia mwana wa kaka yake kule kijijini, akazungumza kwa sauti kubwa kama watu wanaodhani umbali ni tatizo la koo. Akamwambia asiliache shamba lake likae bure msimu huu. Alime, apande chochote anachotaka. Yule akauliza kitu, pengine alime mpaka wapi.

"Mpaka mlangoni kwangu," Jaja akasema.

Kisu cha Mama kilisimama jikoni. Jaja akanirudishia simu, akainuka, akaniuliza kwa nini nimesimama kama nguzo wakati magunia ya neti hayajafungwa na saa tisa inakaribia.